Karafuu Chini ya Ua la Manjano

Kihonda, alasiri ya kuamkia safari yako

Mwanangu Rehema,

Umekwenda sokoni kutafuta buti za mpira, nami nimeketi kuandika mara tu baada ya swala. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta na kalamu utaniuliza maswali, nami nikianza kujibu kwa mdomo nitajitetea. Nimejitetea kwa miaka arobaini na najionea kinyaa.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji ya kunywa, wala namna ya kuishi na mwenye nyumba. Una miaka ishirini na sita. Kama hujui kuchemsha maji, barua haitakufundisha. Nakuandikia juu ya neno ulilolisema Jumapili mbele ya wageni, na juu ya kicheko changu baada ya neno hilo.

Utakumbuka tulikuwa uani. Mjomba wako Salumu alikuuliza utawezaje kuyajua magugu yote ya majaruba ya Turiani unakokwenda kuwa bibi shamba, nawe hukuzaliwa huko wala hukulima mpunga. Ukatoa simu, ukamwonyesha picha ya ua la manjano ulilolipiga mtaroni nyuma ya nyumba yetu, na kabla hajaweka kikombe chini simu ikawa imekwisha kutaja jina. Mjomba, kwa ule ubishi wake, akauliza je, ikikosea?

Ukasema, "Ikikosea itakosea jina tu, Mjomba. Mimi siyo Bibi Mwanaidi, simbabui mtu."

Watu walicheka. Mjomba alipaliwa na chai. Nami nilicheka, na nilicheka kwa sauti. Mama yako mdogo Zaina alikuwa kwenye kizingiti akichambua mchele. Hakucheka. Aliushika mkono wa kulia wa gauni lake, uliokuwa tayari umefika kwenye kifundo, akauvuta mpaka kwenye vidole, akaendelea kuchambua.

Wewe sikulaumu. Umelelewa na kisa hicho kama mtoto anavyolelewa na uji. Kwamba Bibi Mwanaidi, kungwi wa ukoo wetu kule Matombo, alikwenda kinamasini kumchumia mwali maua, akachuma yasiyo yenyewe, akamsugua nayo Zaina siku ya kutolewa, akambabua mikono na shingo. Hivyo ndivyo kinavyosimuliwa kwenye harusi na kwenye misiba, na kila anayekisimulia huongeza chumvi yake. Kisa hicho ni uongo. Aliyeusema uongo huo kwa mara ya kwanza ni mimi.

Sasa soma polepole.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu. Nilikuwa na viatu vya kamba, saa ya mkononi na kitabu kimoja kikubwa cha maua ya Ulaya, ambacho mwalimu mmoja wa kigeni alinigawia alipokuwa akifungasha kurudi kwao. Humo mlikuwa na picha niliyoipenda kuliko zote. Ua la manjano la kinamasini, petali tano zinazong'aa kana kwamba zimepakwa mafuta, majani ya mviringo kama figo, limesimama katika maji meusi. Nililichora ubaoni kwa chaki za rangi, katika shule niliyopangiwa hukohuko Matombo. Watoto wa milimani, ambao wengine walipita kinamasini kila siku kuja shule, wakalinakili ua ambalo hata mmoja wao asingepata kulikanyaga maishani mwake.

Msichana mmoja hakunakili. Alichora ua alilolijua yeye: petali nne, jani refu lisilochanika, na chini ya ua kitu chembamba kirefu chenye vichwa vinne vidogo, kama karafuu mbichi. Mtoto wa Matombo hawezi kukosea umbo la karafuu. Nikampigia mkasi, alama ya kosa, kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Angalia ubaoni." Mkasi huo ninauona mpaka leo. Ningekuwa na uwezo ningeulamba ufutike.

Likizo ile niliporudi nyumbani nilikuta Zaina yuko ndani, mwali, na siku ya kumtoa imekaribia. Mengi ya chumba kile hayaandikwi, nawe unajua kwa nini. Hili moja naliandika kwa sababu pasipo hilo huwezi kuelewa. Katika ukoo wetu, asubuhi ya kumtoa mwali, kungwi humsugua mikono na shingo kwa maua na majani ya mmea mmoja wa manjano wa kinamasini, yaliyopondwa, ili ngozi iliyokaa gizani ilainike. Mama Mkubwa Mwanaidi, dada wa mama yangu, ndiye aliyekuwa kungwi. Hakujua kusoma hata jina lake. Lakini alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa mwali yeyote. Kwanza alijipondea mwenyewe kidogo, akajifunga ndani ya kiwiko chake kwa kamba ya mgomba, akakaa nayo tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kiwiko kikinyamaza, ndipo alipomgusa mwali.

Tulipanda kinamasini alfajiri, yeye na mimi na wanawake wawili wa kubeba vikapu. Kinamasi kile kiko juu kabisa, umeyaacha mashamba ya karafuu chini, mahali penye baridi. Nilichukia kila hatua. Tope lilinuka yai viza. Ruba walinipanda mpaka magotini, nami nikawa nawabandua huku nikijifuta kwa leso, nikijiona mtu wa kuhurumiwa. Mama Mkubwa alikuwa anatembea mbele kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mimea mirefu iliyosimama ukingoni mwa maji. Maua yake yalikuwa ya manjano hafifu, petali nne dhaifu, ukiyagusa tu yanadondoka. Hayakuwa na fahari yoyote. Mimi nilikuwa nimesimama penye jingine, fupi, lenye petali tano, na petali zote zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nililiona ni lile la kitabuni. Majani yake hayakuwa ya mviringo kama yale ya picha; yalikuwa yamechanikachanika kama giligilani. Niliyaona majani hayo, Rehema. Siwezi kusema sikuyaona. Niliyaona nikaamua hayana maana, kwa sababu ua lilikuwa limekwisha kunipendeza.

Nikamwambia Mama Mkubwa kwamba lile lake ni gugu tu, ua lenyewe ni hili, liko kitabuni.

Akaniuliza kama aliyeandika kitabu hicho ni mtu wa Matombo. Wale wanawake wakaguna kwa kicheko. Nikajibu kimeandikwa na wataalamu.

"Ligeuze," akasema. "Chini yake pana karafuu? Kama hapana, liachie nzi."

Sikuligeuza. Niliona aibu kuamrishwa mbele ya wabeba vikapu. Nikaanza kuwaeleza, kwa Kiswahili cha darasani, tofauti ya mmea na gugu. Nilisema mengi. Hata sasa nayakumbuka maneno yale, maana yalikuwa sanifu yote na hapakuwa na hata moja la kweli. Mama Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Juma zima alikuwa akiwatambia wenzake kwamba mtoto wa mdogo wake sasa ni mwalimu. Asingeweza kunivunja mbele yao. Akatupa yale aliyokuwa amekwisha kuyachuma.

"Haya," akasema. "Mwalimu kasema."

Mimi niliisikia kama heshima.

Nyumbani aliponda, akajifunga kiwikoni kama desturi yake, akaketi. Hilo hakukubali nimwondolee kwa maneno. Lakini wageni walikuwa wanafika, wapishi wanauliza, ngoma zinaanikwa juani, nami nilikuwa na saa mkononi. Nilimwendea nikamwambia kwamba sayansi haihitaji kufungwa kwenye kiwiko cha mtu. Halafu nikaishika ile kamba ya mgomba, nikaifungua kwa mkono wangu. Hapakuwa pamepita muda wa kuchemsha chai. Aliniangalia, akaangalia kiwiko chake, akasimama, akaenda kumsugua Zaina.

Mchana Zaina aliniita pembeni akaninong'oneza, "Dada, panawaka."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Nilimjibu kwamba mwali halalamiki.

Jioni mikono yake ilikuwa imejaa malengelenge makubwa kama zabibu, yenye maji ya manjano, na mengine yamepasuka. Mtu mmoja aliyafunika kwa jani la mgomba, jani likagandana na ngozi, na lilipobanduliwa ilibanduka na ngozi. Nilishika taa. Harufu yake sitakueleza. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko, na unisikilize vizuri, sikutapika kwa huruma. Nilitapika kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuanza kutafuta la kusema.

Asubuhi wajomba wakakaa. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, hivyo neno la wajomba ndilo neno. Wakauliza ni nani aliyechagua ua. Wale wabeba vikapu walitazama chini. Hawakuwa watu wa kusema mbele ya wajomba. Mama Mkubwa alikuwa anajiandaa kuzungumza, niliona kifua chake kikivuta pumzi. Nikamtangulia.

"Nilimwambia siyo hilo," nikasema. "Hakusikia."

Ni maneno manne tu na mkato, nimeyahesabu mara nyingi. Wanaume wazima wakatikisa vichwa, wakakubali palepale, kwa sababu aliyesema alikuwa na viatu vya kamba na aliyetuhumiwa alikuwa peku. Hata mmoja wao hakuuliza swali la pili. Nawachukia kwa hilo mpaka leo, ingawa walinifaa. Mama Mkubwa aliniangalia. Akauvuta ukingo wa kanga yake, akakifunika kiwiko. Wakati ule sikuelewa anafunika nini.

"Mwalimu amesema," akajibu.

Hakuitwa tena kumfunda mwali yeyote. Zaina alitolewa bila ngoma baada ya kupona, na alama unazijua: kana kwamba mtu alimmwagia chai ya maziwa kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, na nyingine shingoni. Unajua pia kwamba Zaina hapiti mlangoni kwa Bibi Mwanaidi, na wakikutana msibani humpa shikamoo ya kuangalia ukuta. Amemchukia mtu asiye na kosa kwa miaka arobaini, nami nimekaa katikati yao nikimimina chai.

Ulipokuwa mdogo niliwahi kukifungua tena kile kitabu, kukuonyesha picha. Ulitaka kugeuza ukurasa, nami ukurasa huo sikuwa nimewahi kuugeuza. Nyuma yake paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba ua lile huota katika vinamasi vya nchi za baridi, na kwamba utomvu wake, na wa jamaa zake wote, hubabua ngozi. Jamaa zake. Kumbe nililolichuma hata halikuwa la kitabuni. Lilikuwa ndugu yake wa mbali aliyeko kwetu, mwenye petali zilezile zinazong'aa na ukali uleule. Nilikosea kinamasini na nilikosea kitabuni. Kwa siku moja nilifanikiwa kutojua vitu viwili.

Ungedhani mtu aliyesoma maneno hayo angepanda gari la Matombo kesho yake. Mimi nilikifunga kitabu kwa gazeti nikakitia chini ya sanduku. Leo asubuhi nimekitoa. Mende wametaga katikati ya kurasa, na picha yangu niliyoipenda imeliwa mpaka kwenye shina. Nimekitupa jaani kwa vidole viwili.

Baadaye pia nilikiona kile kiwiko. Ilikuwa msibani kwa mama yangu. Mama Mkubwa alikunja kanga ili aoshe vyombo, na ndani ya kiwiko palikuwa na kovu dogo la mviringo, lenye rangi ileile ya mkono wa Zaina. Ushahidi wote alikuwa nao mwilini tangu asubuhi ile ya wajomba. Angenyoosha mkono tu. Aliufunika kwa sababu mtoto wa mdogo wake alikuwa mwalimu, na ukoo haukuwa na mwingine. Mimi nilipoliona kovu nilijifanya naokota kijiko.

Sasa nirudi kwako. Jumapili baada ya wageni kuondoka nilikuomba unionyeshe tena ile picha ya simu. Ulidhani nimependezwa. Nilikuwa natafuta kitu. Ulilipiga ua kwa juu tu. Hukupiga jani, hukupiga shina, hukuligeuza. Leo nimekwenda mwenyewe mtaroni kulitafuta, katikati ya nepi za watoto wa jirani na mifuko ya nailoni na maji yenye rangi ya kutu. Nimetia mguu mahali ambapo mbwa mwenye heshima asingetia. Nimelipata. Petali nne, jani zima, na chini yake karafuu. Lilikuwa ni lile la Mama Mkubwa.

Kwa hiyo huenda simu ilisema kweli. Hilo halinipi faraja. Mimi nilisema uongo kwa uhakika uleule uliokuwa usoni mwako ulipokuwa unamwonyesha Mjomba. Uso ule niliutambua. Ulikuwa wangu.

Kesho kutwa mkulima wa Turiani atakuletea gugu mkononi, mtu aliyesimama kwenye jaruba tangu kabla hujazaliwa, naye ataona fulana yako ya kazi na kitambulisho shingoni, atanyamaza hata kama anajua zaidi yako. Atakuachia useme. Ogopa ukimya huo. Muulize yeye analitambuaje, na umngoje amalize hata kama anarukaruka katika maelezo yake. Ukiwa hujui, sema hujui. Maneno hayo hayana kosa lolote la lugha, na mimi nilishindwa kuyatamka.

Nimeweka maua mawili ndani ya bahasha hii, kila moja katika karatasi yake. Moja ni la mtaroni. Jingine nimeletewa na yule mama anayeteremsha mboga kutoka milimani. Nilimwomba juzi, akanishangaa, akalileta ndani ya gazeti lenye maji. Sikuandika majina. Yafungue ukifika, yaweke mezani, uyageuze. Lile lenye majani ya giligilani usilishike kwa mkono mtupu. Linasemekana likikauka hupoteza ukali, lakini sitaki kulithibitisha kwa ngozi ya mtoto wa ukoo huu mara ya pili.

Limebaki jambo la leo mchana. Ulipokuwa unaoga, nilimwita Zaina chumbani nikamweleza yote, tangu kinamasini mpaka kwa wajomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alikuwa anakunja nguo zako. Alikunja blauzi mbili zaidi, akaziweka, akapanga kingo zake sawasawa. Unajua kwamba kila Idi mimi humshonea Zaina gauni, na watu hunisifu kwa kumjali mdogo wangu.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Miaka yote hii ulikuwa unanishonea mikono mirefu."

Akaendelea kukunja. Kisha akaniuliza gari la Matombo linaondoka saa ngapi siku hizi. Nikamwambia saa nne, kama njia haijaharibika kwa mvua. Akasema tutakwenda kesho, ukishaondoka, lakini ndani ya gari hataketi nami, na tukifika ataketi upande wa Mama Mkubwa, na atakayezungumza ni mimi, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya wajomba waliobaki. Nimekubali. Ni masharti mepesi kuliko ninayostahili.

Naogopa, Rehema. Mama Mkubwa amezeeka sana, na masikio yake hayasikii vizuri. Itanibidi niseme kwa sauti kubwa, na majirani watasikia. Hilo nalo nimelichukia, na kwa kulichukia nimejichukia tena.

Nasikia geti. Umerudi, na unamwonyesha Zaina buti.

Ukija likizo ya Idi, usiniulize kama nilikwenda. Nitakujibu kwa ufasaha, nawe umekwisha kujua thamani ya ufasaha wangu. Pita kwanza Matombo, mpe Bibi Mwanaidi shikamoo, umwombe radhi kwa mzaha wa Jumapili, na umwulize yeye kama mwalimu alikuja, na mwalimu alisema nini.

Mimi niliyekuzaa,
Mama